Fahamu Vinyama na Uvimbe Usio wa Saratani Juu ya Jicho: Uchunguzi, Matibabu na Kinga

Katika Kata ya Kashaulili, Manispaa ya Mpanda, kama ilivyo katika maeneo mengine ya Mkoa wa Katavi, wapo wananchi wanaoishi miaka mingi na kinyama chekundu kwenye kona ya jicho bila kwenda kupimwa. Baadhi yao ni waendesha bodaboda, wengine ni wakulima, wafugaji, wachimbaji wadogo wa madini na wafanyabiashara wanaoshinda juani. Kwa kuwa kinyama hicho hukua polepole na mara nyingi hakiumi, wengi hukichukulia kuwa jambo la kawaida la umri au vumbi.

Sehemu kubwa ya vinyama na uvimbe unaoota juu ya jicho si saratani na hutibika vizuri. Hata hivyo, makosa mawili huweza kumgharimu mwananchi uwezo wake wa kuona. Kosa la kwanza ni kusubiri hadi kinyama kifunike mboni. Kosa la pili ni kudhani kwamba kila kinachoota juu ya jicho ni kinyama cha kawaida, wakati baadhi yake ni saratani inayoanza. Makala haya yanaeleza aina za uvimbe huo, namna unavyochunguzwa, matibabu yake na hatua ambazo mwananchi anapaswa kuchukua.

Uso wa jicho na aina za uvimbe

Sehemu ya mbele ya jicho ina kioo angavu kiitwacho konea, ambacho hupitisha mwanga kuelekea kwenye mboni. Weupe wa jicho, pamoja na upande wa ndani wa kope, umefunikwa na utando laini na mwembamba uitwao konjunktiva. Uvimbe mwingi unaojadiliwa hapa huanzia kwenye utando huo au kwenye mpaka wake na konea.

Aina inayofahamika zaidi ni kinyama cha jicho, ambacho kitaalamu huitwa terijiamu. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya bawa dogo, kwa kuwa kinyama hicho kina umbo la pembetatu mfano wa bawa, kitako chake kikiwa kwenye weupe wa jicho na ncha yake ikisogea juu ya konea. Mara nyingi huanzia upande wa pua, na huweza kuwapo kwenye jicho moja au yote mawili. Ni ugonjwa wa zamani: tabibu Sushruta wa India ya kale alikwisha kuueleza pamoja na namna ya kuukata.

Aina ya pili ni pinguekula, yaani kijivimbe cha rangi ya njano kinachokaa kwenye weupe wa jicho kando ya konea bila kuvuka mpaka wake. Kwa kawaida hakihitaji matibabu isipokuwa kinapowasha au kuwa chekundu.

Aina nyingine ni kijifuko cha maji, ambacho huonekana kama tone angavu chini ya utando. Baka la rangi ya kahawia, ambalo ni mkusanyiko wa seli za rangi na mara nyingi huonekana tangu utotoni. Na chunjua lenye vinundu vidogo kama ua la koliflawa, ambalo husababishwa na baadhi ya aina za virusi vya papiloma. Wapo pia watoto wanaozaliwa na uvimbe mweupe au wa njano kwenye ukingo wa konea, ambao wakati mwingine huwa na vinyweleo. Uvimbe huo si saratani, lakini huweza kuipinda konea na kulifanya jicho la mtoto lisijifunze kuona ipasavyo. Kwa hiyo mtoto huyo anahitaji kupimwa mapema.

Si kila rangi juu ya jicho ni ugonjwa. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, rangi ya kahawia iliyotandaa kuzunguka konea katika macho yote mawili ni hali ya kawaida. Baka linalohitaji uangalizi ni lile lililo katika jicho moja, lililojitokeza ukubwani, linaloongezeka ukubwa au lililoinuka.

Kinyama cha jicho si mtoto wa jicho

Wananchi wengi huchanganya magonjwa haya mawili. Mtoto wa jicho ni ukungu unaotokea kwenye lenzi iliyo ndani ya jicho, nyuma ya mboni, na huifanya mboni ionekane nyeupe au ya kijivu. Kinyama cha jicho huota nje, juu ya uso wa jicho, na mtu huweza kukiona kwenye kioo akiwa na mishipa midogo ya damu.

Tofauti hii ina umuhimu wake katika matibabu. Mzee huweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja. Kinyama kikubwa huipinda konea, na vipimo vya lenzi bandia anayowekewa mgonjwa wa mtoto wa jicho hutegemea umbo la konea hiyo. Kwa sababu hiyo, daktari huweza kushauri kinyama kiondolewe kwanza, jicho lipone na konea itulie, ndipo vipimo vya lenzi vichukuliwe. Mgonjwa anayeambiwa asubiri miezi kadhaa kati ya upasuaji mmoja na mwingine asidhani kwamba anacheleweshwa bila sababu.

Wazazi nao wanakumbushwa kuwa weupe unaong'aa ndani ya mboni ya mtoto, hasa anapopigwa picha kwa mwanga, si kinyama. Huweza kuwa dalili ya saratani ya ndani ya jicho au mtoto wa jicho wa utotoni, na mtoto huyo anapaswa kufikishwa hospitali bila kuchelewa.

Kwa nini ugonjwa huu huwapata watu wa maeneo yetu

Chanzo kikuu kinachofahamika ni miale ya jua isiyoonekana kwa macho, yaani miale ya urujuanimno. Mwaka 1965, mtafiti M. E. Cameron alionesha kwamba kinyama cha jicho hupatikana zaidi katika ukanda ulio kati ya nyuzi 37 kaskazini na nyuzi 37 kusini mwa Ikweta. Mji wa Mpanda uko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta na zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari; kwa hiyo wakazi wake wamo katikati ya ukanda huo.

Utafiti pia umeeleza kwa nini kinyama hupenda kuanzia upande wa pua. Mwanga unaoingia kutoka ubavuni mwa uso hupita kwenye konea, nayo huukusanya kama lenzi na kuuelekeza kwenye ukingo wa konea ulio upande wa pua. Sehemu hiyo ndogo hupokea miale mikali kuliko sehemu nyingine, na chembe hai za ukingo huo huharibika kadiri miaka inavyopita. Ndiyo maana kivuli cha mbele pekee hakitoshi, kwani mwanga wa pembeni nao hudhuru.

Vumbi, upepo, moshi na ukavu wa macho huongeza muwasho na wekundu. Katika Mkoa wa Katavi, mambo hayo yapo katika shughuli nyingi za kila siku: barabara za vumbi wakati wa kiangazi, machimbo ya dhahabu, mabani ya kukaushia tumbaku na majiko ya kuni. Kinyama hakiambukizi kwa kugusana wala kwa kutazamana, na mgonjwa hana sababu ya kutengwa.

Dalili za hatari zisizopaswa kusubiri

Katika nchi za Afrika Mashariki, saratani ya uso wa jicho huwapata pia vijana na watu wa umri wa kati, na huonekana zaidi kwa watu wanaoishi na Virusi vya UKIMWI (VVU). Mwanzoni huweza kufanana sana na kinyama cha kawaida au pinguekula. Mwananchi anapaswa kufika kituo cha huduma za afya mara moja anapoona dalili zifuatazo:

- uvimbe unaokua haraka, kwa majuma au miezi michache badala ya miaka;
- sehemu nyeupe juu ya uvimbe inayofanana na ukoko, au uvimbe wenye uso wa utelezi kama jeli;
- mishipa minene ya damu inayoelekea kwenye uvimbe;
- rangi ya kahawia au nyeusi isiyokuwapo awali;
- uvimbe unaotoa damu, kidonda kisichopona au maumivu yanayoongezeka;
- kuona kwa ukungu au kuona vitu viwili viwili;
- uvimbe uliorudi haraka baada ya kukatwa.

Anayehudhuria kliniki ya tiba na matunzo (CTC) anashauriwa kumweleza mtoa huduma wake kuhusu uvimbe wowote wa jicho, hata ukiwa mdogo na usio na maumivu. Saratani hii ikigundulika mapema, kwa kawaida huondolewa na jicho likabaki. Ikichelewa, huweza kuingia ndani ya jicho na kwenye tundu la jicho, na mgonjwa akalazimika kuondolewa jicho zima.

Uchunguzi hufanyikaje

Uchunguzi huanza kwa mazungumzo. Mtaalamu humuuliza mgonjwa uvimbe ulianza lini, umekua kwa kasi gani, anafanya kazi gani, ametumia dawa zipi na kama amewahi kufanyiwa upasuaji wa jicho. Majibu ya kweli, pamoja na yale yanayohusu dawa za kienyeji, humsaidia mtaalamu kutofautisha magonjwa.

Hatua ya pili ni kupima uwezo wa kuona wa kila jicho kwa kusoma chati, kwa kawaida mgonjwa akiwa umbali wa mita 6. Kisha jicho hutazamwa kwa tochi na kwa darubini maalumu yenye mwale mwembamba wa mwanga, ambayo hukuza uso wa jicho. Mtaalamu huinua kope, humwelekeza mgonjwa kutazama pande zote ili kuona kama jicho linazunguka vizuri, na huweza kudondosha rangi ya manjano inayoonesha michubuko kwenye konea.

Kinyama hupimwa kwa milimita kutoka ukingo wa konea kuelekea kwenye mboni. Kinyama kilichoishia ukingoni huwa katika hatua ya awali. Kilichovuka ukingo lakini bado kiko mbali na mboni huwa katika hatua ya kati, na kilichogusa au kufunika mboni huwa katika hatua ya juu. Kumbukumbu ya kipimo hicho huonesha katika mahudhurio yajayo kama kinyama kinakua au kimetulia.

Uchunguzi kwa macho pekee hauwezi kuthibitisha kwamba uvimbe si saratani. Uthibitisho hupatikana maabara, baada ya sehemu ya uvimbe au uvimbe wote kukatwa na kutazamwa kwa hadubini. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji ana haki ya kuuliza kama kilichokatwa kimepelekwa maabara na majibu yatatoka lini, kisha ayafuatilie. Kipimo cha VVU nacho huweza kushauriwa, kwa kuwa majibu yake husaidia kupanga matibabu.

Matibabu yasiyo ya upasuaji

Kinyama kidogo kisichokua na kisichosumbua hakihitaji kukatwa. Mgonjwa hupewa machozi bandia ya kupunguza ukavu, hushauriwa kujikinga na jua na vumbi, na hupangiwa tarehe ya kurudi kupimwa. Pale jicho linapokuwa jekundu na kuwasha sana, daktari huweza kuandika dawa ya matone ya kutuliza uvimbe kwa muda mfupi. Miwani huweza kurekebisha uoni uliopungua kutokana na kupinda kwa konea, iwapo mabadiliko hayo ni madogo.

Ni muhimu kufahamu kwamba hakuna dawa ya matone inayoyeyusha kinyama cha jicho. Matone yenye steroidi, ambayo baadhi ya watu huyanunua bila cheti cha daktari kwa sababu huondoa wekundu haraka, huweza kuongeza shinikizo la jicho na kusababisha mtoto wa jicho yakitumika kwa muda mrefu. Uoni uliopotea kwa sababu ya shinikizo la jicho haurudi.

Vivyo hivyo, kuweka jichoni maji ya majani, ugoro, maziwa ya mama, mkojo au sukari, au kukwangua kinyama kwa kitu chenye ncha, huweza kusababisha vidonda na kovu la kudumu kwenye konea. Mtu aliyefika na kinyama kinachotibika huweza kuishia na upofu wa jicho hilo.

Upasuaji na lini unahitajika

Daktari hushauri upasuaji pale kinyama kinapokaribia mboni, kinapopunguza uwezo wa kuona, kinapozuia jicho kuzunguka, kinaposababisha muwasho usiokwisha au kinapotiliwa shaka ya saratani. Mgonjwa anaweza pia kuomba kiondolewe kwa ajili ya mwonekano, baada ya kuelezwa faida na madhara yake.

Upasuaji hufanyika kwa ganzi, kwa kawaida mgonjwa huwa macho lakini hahisi maumivu, na mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Zamani kinyama kilikatwa na sehemu iliyobaki kuachwa wazi. Njia hiyo ilikuwa rahisi, lakini kinyama kilirudi kwa wagonjwa wengi, na mara nyingine kikiwa kikali kuliko mwanzo. Mwaka 1985, Kenneth Kenyon na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya njia ya kuchukua kipande chembamba cha utando wa jicho la mgonjwa mwenyewe, kwa kawaida kutoka sehemu iliyofichwa na kope ya juu, na kukipandikiza mahali kinyama kilipotolewa. Kipande hicho hushikizwa kwa nyuzi nyembamba sana au kwa gundi ya kitabibu.

Uchambuzi wa tafiti wa Cochrane uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba, miezi 6 baada ya upasuaji wa kupandikiza utando wa jicho la mgonjwa, kinyama kilirudi kwa asilimia 3.3 hadi 16.7 ya wagonjwa. Waliowekewa utando wa kondo la nyuma kilirudi kwa asilimia 6.4 hadi 42.3. Kwa hiyo, kabla ya upasuaji, ni halali mgonjwa kumuuliza daktari ni njia gani itatumika na kwa nini. Vijana na watu ambao kinyama kimewahi kurudi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudiwa.

Uvimbe wa aina nyingine hutibiwa kulingana na asili yake. Kijifuko cha maji kinachosumbua hutolewa chote, kwa kuwa kukitoboa pekee hukifanya kijae tena. Chunjua hukatwa, na wakati mwingine msingi wake hugandishwa kwa baridi kali. Baka lisilobadilika hufuatiliwa kwa picha. Uvimbe unaotiliwa shaka ya saratani hukatwa pamoja na ukingo wa utando wenye afya unaouzunguka. Utafiti uliofanyika katika vituo vinne nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba kutumia matone ya dawa ya fluorourasili kwa majuma 4 baada ya upasuaji huo kulipunguza kurudi kwa uvimbe kutoka asilimia 36 hadi asilimia 11 katika mwaka mmoja. Dawa hiyo hutolewa chini ya uangalizi wa daktari pekee.

Baada ya upasuaji

Siku chache za mwanzo jicho huuma, hutoa machozi na kuhisi kama lina mchanga. Mgonjwa hutumia matone ya kuzuia maambukizi na ya kutuliza uvimbe kwa majuma kadhaa kwa ratiba aliyopewa, na hapaswi kuyaacha wala kuyaendeleza kwa uamuzi wake. Asifikiche jicho, asiingize maji machafu, na aepuke vumbi, moshi na kazi nzito hadi daktari atakapomruhusu.

Mkulima anashauriwa kupanga upasuaji usio wa dharura nje ya msimu wa kulima au kuvuna, ili asilazimike kurudi shambani kabla ya jicho kupona. Mwendesha bodaboda naye ajiandae kukaa nje ya kazi kwa muda atakaoelekezwa. Maumivu makali, usaha au uoni unaopungua ghafla ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo. Kinyama kinachorudi huonekana zaidi ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mahudhurio ya kipindi hicho yasikosekane.

Ngazi za huduma

Mwananchi anaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, ambako atasikilizwa na kupewa rufaa inapohitajika. Huduma za ngazi ya juu mkoani hutolewa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi, iliyopo Manispaa ya Mpanda. Tatizo linalohitaji ubingwa zaidi hupelekwa hospitali za rufaa za kanda na Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Ili kuepuka gharama ya safari isiyo na matokeo, mgonjwa aulize mapema siku za kliniki ya macho na utaratibu wa malipo, na aende akiwa na barua ya rufaa, kadi ya bima ya afya kama anayo, dawa zote anazotumia na majibu ya vipimo vya awali. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatambua msamaha wa gharama kwa watoto walio chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Wahusika waulize utaratibu huo katika ofisi ya ustawi wa jamii ya kituo husika.

Kinga

Kofia yenye ukingo mpana, pamoja na miwani inayozuia miale ya urujuanimno na kufunika pembeni mwa macho, ndiyo kinga ya msingi. Miwani inayofaa huandikwa UV400 au kuzuia miale hiyo kwa asilimia 100. Miwani nyeusi isiyo na kinga hiyo haifai, kwa kuwa giza lake huifanya mboni itanuke na kuruhusu miale zaidi kuingia. Mwendesha bodaboda ashushe kioo cha kofia ngumu, na mchimbaji avae miwani ya kazi. Watoto nao wazoeshwe kofia, kwa sababu madhara ya jua hujilimbikiza tangu utotoni.

Mwenye kinyama au baka ambalo tayari limepimwa anaweza kujitazama kwenye kioo mchana, na kupiga picha ya jicho kwa simu mara moja kwa mwezi akiwa mahali palepale. Picha hizo zikioneshwa kwa mtaalamu humsaidia kuona mabadiliko ambayo mgonjwa mwenyewe huweza kuyazoea.

Kila mwaka, Alhamisi ya pili ya mwezi Oktoba huadhimishwa Siku ya Afya ya Macho Duniani. Hata hivyo, mwananchi mwenye uvimbe juu ya jicho hana sababu ya kusubiri maadhimisho hayo. Kinyama kilichopimwa kikiwa bado mbali na mboni humpa daktari nafasi ya kuchagua matibabu, na saratani iliyogundulika ikiwa ndogo humwachia mgonjwa jicho lake.